Goma: Mchanga wa ziwa unang'arisha bidoni leo, unaiharibu kesho

Asubuhi kwenye ukingo wa ziwa Kivu, kazi ya kwanza ya anayekuja kuteka maji huwa ni ileile. Mtoto anainama, anachota mchanga mweusi kwa kiganja, anautia ndani ya bidoni ya lita 20, anaongeza maji kidogo, anafunga mdomo kwa mkono na kuanza kutikisa. Mchanga unapiga kelele ndani kama mvua juu ya mabati. Kisha anamwaga, anaangalia ndani kwa jicho moja, anajaza maji na kuondoka. Wenyeji wa mitaa isiyokuwa na robine wanafanya hivyo. Familia zilizokimbia vita kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo zinafanya hivyo pia.

Hakuna wa kuwacheka. Wanaosugua bidoni kwa mchanga ni watu wanaojali usafi. Asiyejali anajaza tu na kwenda. Mchanga ni wa bure, uko pale pale, na kweli unaondoa ule utelezi wa kijani. Lakini unaondoa uchafu wa leo na kuandalia makao uchafu wa kesho. Kila bidoni inapotikiswa na mchanga, ndani yake inabaki mikwaruzo midogo midogo ambayo haitatoka tena. Umefika wakati familia ziache mchanga na kuchukua kitambaa na sabuni, na mashirika yanayogawa bidoni yaanze kugawa pia vitu vya kuisafishia.

Bidoni ni plastiki, na plastiki ni laini kuliko jiwe. Mchanga wa Goma si vumbi la kawaida. Mji huu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima uliomwaga moto hadi ndani ya mji mwaka 2002, na ukamwaga tena mwaka 2021 hadi kwenye mitaa ya pembeni. Chembe za mawe hayo ni ngumu na zina ncha kali. Mtu aliyewahi kutembea miguu mitupu juu yake anajua. Ukitikisa chembe za namna hiyo ndani ya plastiki kila siku, unafanya kazi ya msasa. Bidoni mpya huwa laini ndani, maji yanateleza na kutoka yote. Ya miezi mingi ya mchanga inakuwa na ukungu, imepoteza ule mng'ao wake, na kidole kikipita ndani ya shingo yake kinakuta ukuta unaokwaruza.

Wanaofuga samaki wa mapambo wamelijua jambo hili siku nyingi. Samaki wadogo wa rangi kutoka ziwa Tanganyika wanafugwa Ulaya na Marekani ndani ya masanduku ya maji, mengine ya kioo, mengine ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Mwenye sanduku la plastiki hafundishwi kwanza namna ya kusugua, anafundishwa namna ya kutokwaruza: atumie kitambaa laini au sponji, akisuuze kabla ya kuanza, na achunge sana chembe ya mchanga isinaswe chini yake, maana chembe moja inatosha kuchora mstari wa kudumu. Yeye anaogopa mstari huo kwa sababu unaharibu uzuri wa sanduku lake. Familia inayokunywa maji ya bidoni ina sababu kubwa zaidi ya kuuogopa.

Sababu yenyewe ni ule utelezi. Wengi wanafikiri ni matope tu yaliyokauka. Sivyo. Ni utando wa vijidudu vilivyoshikana na kujifunika kwa ute wao wenyewe. Vinapenda mahali ambapo maji yanakaa, na vinashika vizuri zaidi mahali palipo na mashimo na mifereji kuliko mahali palipo laini. Mkwaruzo ambao jicho halioni kwa kijidudu ni bonde. Humo ndani kitambaa hakifiki, maji ya kusuuzia yanapita juu, na dawa inachelewa. Kwa hiyo bidoni iliyokwaruzwa inarudisha utelezi haraka, mama anaona kijani mapema kuliko zamani, anaongeza mchanga, na mikwaruzo inaongezeka. Ni mzunguko ambao hauna mwisho mpaka bidoni itoboke au itupwe.

Hapo ndipo dawa ya maji inapoingia katika habari hii. Kwenye vituo vya klorini kandokando ya ziwa, mhudumu anasimama na bomba la sindano na kutia kipimo cha klorini ndani ya kila bidoni inayopita. Kazi hiyo imeokoa watu wengi. Lakini kipimo kile kimehesabiwa kwa ajili ya maji, hakikuhesabiwa kwa ajili ya utelezi uliolala ukutani. Klorini haichagui; inapokuta uchafu inaanza kupigana nao na inaisha polepole. Kanuni za kimataifa za msaada zinataka klorini iliyobaki ndani ya maji isiwe chini ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita pale maji yanapotolewa, ili ibaki nguvu ya kuyalinda hadi nyumbani. Bidoni yenye utelezi inaila nguvu hiyo njiani. Maji yanatoka kituoni yakiwa salama, na jioni mtoto anapokunywa kikombe chake, mlinzi wa maji ameshaondoka. Familia inasema, "Sisi tunakunywa maji yenye dawa." Inasema kweli, ila dawa ilikuwamo asubuhi.

Katika Kivu haya si maneno ya darasani. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika Goma, kipindupindu na kuhara damu viliwaua watu kwa makumi elfu katika muda wa majuma machache. Tangu hapo kipindupindu hakijawahi kuhama kabisa. Kinalala na kuamka, na kinaamka zaidi pale watu wanapohama na maji yanapokosekana. Mgonjwa asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya masaa machache, na mtoto mdogo anakauka upesi kuliko mtu mzima. Utelezi wa bidoni si mlango pekee wa ugonjwa huo. Vyoo, mikono na chakula ni milango pia. Lakini bidoni ni mlango ulio mikononi mwa familia yenyewe.

Kuna jibu ambalo wengi watalitoa, nalo ni la haki. Watasema: wahamasishaji wa afya wenyewe, wale RECO wanaopita mlango kwa mlango, ndio waliofundisha kutikisa bidoni kwa mchanga au changarawe. Ni kweli, somo hilo limetolewa katika kambi nyingi, na lilikuwa na maana yake. Mbele ya bidoni iliyojaa utelezi, bila sabuni na bila brashi, mchanga ni bora kuliko kutofanya kitu. Anayebaki na mchanga peke yake asiache kusafisha kwa sababu ya makala haya. Shida ni kwamba dawa ya dharura imegeuka kuwa desturi ya kila siku. Kitu kilichofundishwa kwa juma la kwanza la kukimbia hakifai kuendelea kwa miaka mitatu ndani ya bidoni ileile.

Na bidoni ni ileile kweli. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi kubwa zilizozunguka Goma zilivunjwa, na watu wakatawanyika. Wengine walirudi kwenye vijiji walivyokuta vimeharibiwa, wengine wakaingia kwenye nyumba za ndugu na wenyeji. Walibeba walichoweza: godoro, sufuria, bidoni. Bidoni iliyogawiwa kambini ndiyo inayoendelea kuteka maji leo, ikiwa na mikwaruzo yote ya safari. Familia nyingi hazina namna ya kununua nyingine. Kwa mtu wa hali hiyo, kutunza ndani ya bidoni ni sawa na kutunza mali.

Basi isafishwe vipi? Njia ipo, na haihitaji mashine.

Kwanza, achana na kila kitu kigumu: mchanga, changarawe, majivu yenye mkaa, vipande vya chupa, waya wa chuma wa kusugulia sufuria. Mahali pake chukua kitambaa cha zamani cha pamba, au vipande vya sponji la godoro lililochakaa, au dodoki lililokauka. Kata kitambaa kuwa utepe wa upana wa vidole viwili na urefu wa mkono. Funga tepe tatu au nne kwenye kamba moja, ili kamba ibaki nje ya mdomo wa bidoni na tepe zote ziweze kuvutwa zikimaliza kazi. Kabla ya kuziingiza zifuliwe vizuri na zikung'utwe. Somo la wenye masanduku ya samaki linafaa hapa pia: chembe moja ya mchanga iliyonaswa ndani ya kitambaa inafanya kazi ya mchanga wote.

Pili, tia maji ya vuguvugu, kama lita moja, na sabuni kidogo iliyokwanguliwa au sabuni ya unga. Yasiwe maji yanayochemka, maana yanalegeza plastiki na kuipinda. Ingiza tepe, funga mfuniko juu ya kamba, tikisa kwa dakika mbili au tatu. Usitikise upande mmoja tu. Ilaze, igeuze, isimamishe kichwa chini. Mkono wa kubebea wa bidoni nyingi una uwazi ndani. Maji yanaingia humo, utelezi unajificha humo, na hakuna brashi inayofika. Ni kugeuza kichwa chini tu ndiko kunakopeleka sabuni pale. Kama utelezi ni mzito, acha maji ya sabuni yalale ndani saa moja kabla ya kutikisa. Sabuni na subira hufanya kazi ambayo mchanga huifanya kwa nguvu.

Tatu, suuza hadi povu liishe. Palipobaki ukoko mweupe wa maji ya ziwa, maji ya ndimu au siki yakikaa muda yanaulegeza bila kukwaruza. Lakini lazima yasuuzwe yote, yaishe kabisa, kabla ya hatua inayofuata. Ndimu au siki ikikutana na javeli inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Javeli haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji.

Nne, mara moja kwa juma, ua kilichobaki. Kijiko kimoja kidogo cha chai cha javeli ya nyumbani isiyo na manukato, ndani ya lita moja ya maji, kinatosha kwa bidoni moja. Zungusha hadi kila upande uloe, pamoja na ule mkono wa kubebea, ngoja angalau nusu dakika, mwaga, kisha acha bidoni ikauke mdomo ukiwa chini, mahali penye kivuli. Hicho ni kipimo cha kusafishia chombo, si cha kutibu maji ya kunywa. Maji ya kunywa yana kipimo chake, na mwenye kutumia vidonge asome pakiti, kwa kuwa kuna vidonge vya lita 20 na vingine vya kiasi kingine.

Mfuniko nao usisahauliwe. Mara nyingi unapotea, na mahali pake panazibwa na ndizi, kigunzi cha hindi au kipande cha sashe. Kizibo cha namna hiyo kinarudisha kwa saa moja uchafu ambao sabuni iliuondoa. Heri kitambaa safi kilichofungwa kwa kamba na kufuliwa kila siku, hadi mfuniko mwingine upatikane.

Jua pia ni adui wa aina yake. Bidoni za manjano na nyeupe zinapitisha mwanga, na mwanga ukikutana na maji yaliyotulia unaotesha ukijani. Jua hilohilo linaikausha plastiki hadi inavunjika kama gamba. Bidoni iliyojaa iwekwe ndani ya nyumba au ifunikwe kwa kitenge, na kazi ya kusafisha itapungua yenyewe.

Kuna makosa mawili yanayofanywa kwa nia njema. La kwanza ni kukata sehemu ya juu ya bidoni ili mkono upate kuingia kusugua. Bidoni inasafishika, ndiyo, lakini sasa kila kikombe na kila kiganja kinazama ndani, na maji yanachafuka kila saa. Mdomo mwembamba unasumbua wakati wa kusafisha, lakini ndio unaozuia mikono. Iachwe na mdomo wake. La pili ni kununua kwa bei ndogo bidoni iliyobeba mafuta ya gari au dawa ya shamba, kwa imani kwamba mchanga mwingi utatoa harufu. Plastiki inanyonya vitu hivyo na kuvirudisha ndani ya maji. Mtoto akisema, "Mama, maji inanuka," asikaripiwe. Bidoni hiyo ifanye kazi nyingine.

Kwa zile zilizokwishakwaruzwa hakuna dawa ya kurudisha ulaini. Lakini si lazima zitupwe. Familia yenye mbili au tatu ichague ile iliyo laini zaidi ndani, ifunge uzi wa rangi kwenye mkono wake wa kubebea, na hiyo iwe ya maji ya kunywa peke yake. Zilizochakaa zibebe maji ya kufulia na kuoshea nyumba. Yenye moja tu iisafishe kwa sabuni mara nyingi zaidi, na isiache maji yalale ndani siku mbili.

Hadi hapa maneno yamewaelekea mama na watoto, kwa sababu ndio wanaobeba maji. Ila haitakuwa haki mzigo wote kubaki mgongoni mwao. Kanuni za kimataifa zinasema kila familia ipate angalau vyombo viwili vya maji vya lita 10 hadi 20, kimoja cha kutekea na kimoja cha kuhifadhia. Zinasema pia kila mtu apate kwa mwezi gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za sabuni ya kufulia. Angalia hesabu hiyo: mwili umehesabiwa, nguo zimehesabiwa, bidoni haikuhesabiwa. Mama akipata kipande cha sabuni, ataosha kwanza mtoto, kisha nguo za shule, na bidoni itarudi kwenye mchanga. Si ujinga. Ndivyo mtu yeyote mwenye akili angepanga matumizi ya kitu kidogo.

Kwa hiyo mashirika ya kiutu na wakubwa wa afya wana mambo ya kufanya, nayo si ya gharama kubwa kama hospitali ya kolera. Bidoni inapogawiwa, iende pamoja na brashi ya mpini mrefu yenye nywele laini na sabuni yake. Kwenye vituo vya klorini, siku moja kwa juma iwe siku ya kuosha: pipa la maji ya sabuni, mhudumu wa kuonyesha, kila bidoni ioshwe kabla ya kujazwa. RECO wapewe somo jipya kuhusu mchanga, wakiambiwa wazi kwamba ni wa dharura. Na ugawaji wa bidoni usihesabiwe kuwa umekwisha kwa sababu familia ilipewa moja mwaka 2023. Chombo cha plastiki kina umri, na cha kambini huzeeka upesi.

Wanaobisha watasema kuna mambo makubwa zaidi: usalama, njaa, mashamba yaliyoachwa. Yapo, na hakuna anayeyafuta. Lakini vita haisimamishwi na mama mmoja wa Sake, na bei ya unga haishushwi na mtoto wa Majengo. Utelezi ndani ya bidoni unaweza kuondolewa kesho asubuhi kwa nguo iliyochanika na sabuni ya ukubwa wa kidole gumba, na dakika tatu za mkono. Mchanga uachwe ziwani.